Swali na Jibu: Siku za Kwanza Safarini Kisii na Nyamira

SWALI: Tumetandika magodoro ndani ya matatu kuukuu tuzunguke Kisii na Nyamira na watoto. Siku za kwanza tuzipangeje?

JIBU: Msikimbie, mama. Kutoka Nairobi hadi Kisii kupitia Narok, Bomet na Sotik ni kama kilomita 300, na watoto watachoka kabla yenu. Ondokeni alfajiri, ila ukungu ukitanda mteremko wa Mai Mahiu, subirini upungue.

Shida yenu kubwa itakuwa mahali pa kulala. Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ina watu wengi na ardhi ni haba. Kila kipande cha majani mabichi ni shamba la mtu, chai au ndizi. Msiegeshe popote. Fikeni mji wa Keroka kungali na mwanga, mwombe uwanja wa kanisa au boma la jamaa, na hapo mlale usiku wa kwanza na wa pili.

Mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo ukingo wa Manga, unaotenganisha kaunti hizi mbili, upandeni asubuhi. Njia za udongo zikilowa huteleza vibaya sana. Mkiteremka, shukeni kwa gia ya pili. Breki peke yake huchemka.

Tabaka, kwa wachongaji, ni ya siku ya tatu. Watoto wataona jiwe la sabuni likichongwa kwa panga na kisu, kisha likisuguliwa kwa msasa na maji hadi liwe laini. Nunueni kwa mchongaji mwenyewe.

Na kabla ya yote, kagueni breki na matairi.