Kupanga Viambishi vya Ngeli katika Safu: Zoezi la Python

Safu ni mfululizo wa thamani zinazokaa chini ya jina moja, kila moja katika nafasi yake. Katika Python, lugha ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, safu ya kawaida huitwa orodha. Nimechagua mfano tunaoujua sisi wanafunzi wa isimu: viambishi vya ngeli 8 za kwanza. Natangaza hivi:

viambishi = ["m", "wa", "m", "mi", "ji", "ma", "ki", "vi"]

Mabano ya mraba yanafungua na kufunga orodha. Alama za kunukuu zinaonyesha kwamba kila kiambishi ni maandishi. Ili kuvichapa vyote, kila kimoja kwenye mstari wake, naandika:

for k in viambishi:
    print(k + "-")

Mstari wa pili lazima uingie ndani kidogo. Ndivyo Python inavyojua kwamba uko chini ya ule wa kwanza.

Sasa tuwe macho. Kompyuta inahesabu kuanzia 0, wanaisimu wa Kibantu wanahesabu kuanzia 1. Nikiandika print(viambishi[7]), inatoka vi, yaani ngeli ya 8. Kanuni ni hii: namba ya ngeli, toa 1.

Tuje kwetu Lubumbashi, tunakosema batoto, katoto na tutoto. Kubadili ngeli ya 2 ni rahisi:

viambishi[1] = "ba"

Lakini ka na tu ni ngeli ya 12 na ya 13. Tukiviongeza mara baada ya vi, kanuni yetu itavisoma kama ngeli ya 9 na ya 10. Programu haitalalamika, itachapa jibu la uongo kimyakimya, na jibu hilo litaingia katika tasnifu. Kwa hiyo najaza kwanza ngeli za katikati:

viambishi += ["n", "n", "u", "ka", "tu"]

Sasa print(viambishi[12]) inatoa tu, ngeli ya 13.

Mashine haijui sarufi; inachapa tulichotangaza. Tusipotangaza ba, ka na tu, Kiswahili chetu hakitatokea kwenye jibu hata siku moja.

Zoezi: tangaza orodha mbili, umoja na wingi, zenye maneno 5 ya mtaani kwako. Kisha chapa kila neno pamoja na wingi wake, ukitumia namba moja ya nafasi kwa orodha zote mbili.