Jumatano: Mtawa Aliyeishika Sabato

Soma Waebrania 11:13. Katika karne ya 14, mtawa Ewostatewos wa Ethiopia alifundisha kuitunza Sabato ya siku ya saba, ingawa viongozi wa kanisa lake waliiona ni desturi ya Kiyahudi. (Aliishika na Jumapili pia, tusimfanye Mwadventista.) Alipingwa, akaiacha nchi yake, akapitia Misri na Yerusalemu, akafia Armenia mwaka 1352. Wafuasi wake walinyimwa upadri. Mwaka 1450, katika baraza la Debre Mitmaq chini ya mfalme Zara Yaqob, kanisa liliikubali Sabato. Yeye alikuwa kaburini miaka 98.

Jadilini: Kijana wa Sinza amepangiwa zamu ya Jumamosi, na kodi ya chumba anadaiwa. Darasa lenu litamsaidiaje wiki hii, kabla mwajiri hajajibu?