Kwa Nini Rubani Asiusadiki Mwili Wake

Watu wa Makindu, Kibwezi na Mtito Andei wamezoea sauti ya ndege. Ukichora mstari ulionyoka kutoka Nairobi mpaka Mombasa, utapita juu ya vichwa vyao. Na usiku mtu aliyeketi nje ya nyumba yake huziona taa ndogo zikielekea pwani. Tukizitazama, wengi wetu huuliza habari za mashine: ina nguvu kiasi gani, yatumia mafuta kiasi gani, yawezaje kukaa hewani. Katika somo la juma hili twataka kueleza habari za yule aliyeketi mbele, yaani rubani. Mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya hewani, lakini mtu aliumbwa kwa ajili ya nchi kavu.

Tuanze na jaribio dogo ambalo mtoto wa shule aweza kulifanya. Chukua ndoo ya maji, ifunge kamba, uitundike katika tawi la mwembe, maana Makueni hakuna upungufu wa miembe. Nyunyiza makapi ya mtama juu ya maji. Sasa izungushe ndoo kwa mkono. Utaona ndoo yazunguka, lakini makapi yamebaki nyuma, kana kwamba maji hayana habari. Endelea kuizungusha kwa mwendo ule ule. Baada ya kitambo maji nayo hufuata, mpaka ndoo na maji vyaenda pamoja. Halafu izuie ghafula. Ndoo imesimama, lakini makapi yangali yanazunguka.

Basi ndani kabisa ya kila sikio la mtu mna mifereji mitatu myembamba, iliyopindwa mfano wa nusu ya pete, nayo imejaa majimaji. Kila mmoja umeelekea upande wake: mmoja kwa kichwa kinachoitikia, mmoja kwa kichwa kinachokataa, na mmoja kwa kichwa kinacholalia bega. Kichwa kikigeuka, mfereji hugeuka nacho, lakini yale majimaji huchelewa kama maji ya ndoo. Kuchelewa kwake hupinda vinyweleo vidogo sana, navyo hupeleka habari kwenye ubongo. Tabibu wa Vienna, Robert Bárány, alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya chombo hiki.

Ni chombo cha ajabu, walakini kina upungufu wake. Kwanza, mgeuko ulio wa polepole sana, usiofika kama nyuzi 2 kwa sekunde, hakiutambui hata kidogo. Pili, mgeuko ukiendelea kwa mwendo mmoja kama sekunde 20 hivi, majimaji huufikia mwendo wa mfereji, na mtu huona ametulia. Akiacha kugeuka, huona sasa ndipo anapogeuka, tena kwa upande wa pili. Hayo ndiyo makapi ya ndoo yetu.

Hapa chini hatudhuriki, kwa sababu macho na nyayo huyasahihisha masikio. Mtazame kijana wa Kikamba katika ngoma anapojipindua hewani. Masikio yake humpa habari nyingi za kuchanganya, lakini macho huidaka ardhi mapema, na miguu yafika mahali pake. Mfunge kitambaa machoni, nawe usisimame karibu.

Rubani naye hufungwa kitambaa na mawingu, au na giza. Kusini mwa Kitui, kuelekea mbuga ya Tsavo, yako masafa marefu yasiyo na taa yo yote usiku, na moto wa mtu mmoja porini waweza kudhaniwa nyota. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasiokuwa na mazoezi ya kuruka pasipo kuona nje. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, muda usiofika dakika 3.

Macho yenyewe nayo yana mpaka. Atokaye penye taa kali huhitaji kama nusu saa kabla macho yake hayajazoea giza barabara. Jambo hili wanaokaa vijijini walijua kuliko watu wa mjini. Tena macho ya usiku hula hewa nyingi safi, na kutoka futi 5,000 hivi huanza kupungukiwa. Uwanja wa Wilson, Nairobi, wenyewe u juu ya futi 5,500. Kilele cha Kilimanjaro, ambacho watu wa Emali hukiona asubuhi za mbingu safi, ni futi 19,341, na hewa ya huko kwa uzito ni karibu nusu tu ya ile ya Mombasa. Ndege kubwa hupita juu zaidi ya hapo, na kwa hiyo hujazwa hewa ndani. Mnamo tarehe 14 Agosti 2005 ndege moja ya Helios ilipanda kutoka Cyprus bila kujazwa hewa, kwa kuwa swichi iliachwa mahali pasipo pake. Marubani walisikia king'ora, wakadhani chatangaza jambo jingine. Ndege iliendelea kujiongoza yenyewe mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka karibu na Athens, na watu 121 wakafa. Ubaya wa kukosa hewa ni kwamba mtu hapati maumivu. Huenda hata akajiona mchangamfu kama mlevi.

Lakini mfano ulio karibu nasi ni wa ndege yetu wenyewe. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita, ndege ya Kenya Airways namba 507 iliondoka Douala, Kameruni, kuja Nairobi, ikiwa imekwisha ngojea mvua kubwa ipungue. Nje palikuwa giza tupu. Rubani mkuu, mtu wa miaka 52 mwenye saa zaidi ya 8,000 za kuruka, alitamka neno la kuwasha kiongozi cha ndege kinachojiendesha. Msaidizi wake, kijana wa miaka 23 asiyefikisha saa 1,000, hakuitikia. Wala hapana aliyetazama kama kimewaka. Hakikuwaka. Kwa muda wa karibu dakika nzima hakuna mkono ulioishika ndege ile, nayo ikawa inalalia upande wa kulia kidogo kidogo, polepole mno hata sikio lisiweze kusema neno.

King'ora cha kuinama kilipolia, ilikuwa imeinama nyuzi zaidi ya 30. Rubani mkuu alishtuka akaupeleka usukani kulia, yaani upande ule ule wa hatari, kisha kushoto, kisha kulia tena. Msaidizi naye alitaja kulia, akajisahihisha, akataja kushoto mara kadhaa. Wakati ulikuwa umekwisha. Tangu kuondoka uwanjani hata kuanguka katika mabwawa ya mikoko hazikupita dakika 2. Watu wote 114 walikufa. Mabaki yalikuwa umbali usiofika kilomita 6 kutoka uwanjani, lakini yalionekana baada ya saa zaidi ya 40, kwa sababu yalitafutwa kwanza mahali pa mbali.

Taarifa ya uchunguzi ya Kameruni, iliyotolewa mwaka 2010, ilitaja mambo mawili pamoja: marubani kutofanya kazi kwa kusaidiana, na kupotewa na maarifa ya juu na chini gizani. Mbele yao kilikuwapo kipimo kinachochora mbingu na nchi, nacho kilionyesha ndege inainama. Anayejua kisa hiki hupata uchungu zaidi hapo: habari ya kweli ilikuwa mbele ya macho mawili mawili.

Kwetu Ukambani kijana hamkatizi mzee maneno, na adabu hiyo ni njema barazani. Katika chumba cha marubani imebidi itungiwe sheria yake. Siku hizi marubani wa ndege za abiria hufundishwa kwamba mmoja akitoa neno la kazi, wa pili alijibu baada ya kutazama kipimo. Na ndege ikiinama kupita kiasi, aliye mdogo atangaze kwa sauti, na asiposikilizwa ashike usukani.

Kuhusu masikio, dawa ni kumwonyesha mwanafunzi uongo wake mapema. Huketishwa katika kiti kizungukacho, kinachoitwa kwa jina la yule Bárány, amefungwa kitambaa machoni. Mwalimu hukizungusha, na mwanafunzi huonyesha kwa kidole gumba anakogeukia. Mwanzoni huonyesha sawasawa. Baadaye, kiti kingali chazunguka, hushusha kidole na kusema kimesimama. Kiti kikizuiwa, huinua tena kidole na kuonyesha upande wa pili kwa uhakika mkubwa. Wenzake hucheka, mpaka zamu yao ifike.