Vita na Umbo la Usimulizi: Habari za Wakilindi na Kugawanyika kwa Usambara baada ya 1862

Wahakiki wanaposoma Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi huuliza kama mpasuko wa jamii huingia katika kazi ya fasihi kama maudhui tu, au huivunja fani yenyewe. Swali hilo lafaa pia kuulizwa kuhusu maandishi ya kale zaidi, na hasa Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, iliyochapwa na misheni ya UMCA kwa sehemu tatu, 1895, 1904 na 1907.

Masimulizi ya mwanzo yana mhimili mmoja. Mbegha, mwindaji aliyefukuzwa Ngulu kwa kuwa kigego, anapanda milima, anagawa nyama, anaua simba, anatawazwa Vuga, kusini mwa mji wa leo wa Lushoto. Steven Feierman ameonyesha kuwa muundo huu ni wa kivisasili. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mhimili ulikatika. Mjukuu wake Shekulwavu alirithi Vuga. Semboja, mwana wa marehemu, alikuwa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara na bunduki. Wabondei nao wakawaasi Wakilindi katika uasi ulioitwa kiva.

Tangu hapo usimulizi hauna makao. Mfalme mmoja hatoshi tena kuubeba. Unawafuata wajumbe, wagombeaji na majeshi kutoka kilima hadi kilima. Wasomaji wengine huuona huo kuwa udhaifu wa mtunzi. Hoja hiyo haina uzito. Washambaa hutofautisha kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Watawala wanaposhindana, hali hiyo ni nguvu kwa nguvu, na njaa hutazamiwa. Fani iliyotawanyika inalingana na nchi isiyo na mwenyewe.

Tena mtunzi hakuwa mtazamaji wa mbali. Alikuwa mwandishi wa Semboja huko Mazinde, na vita alivyovisimulia vilikuwa vya bwana wake. Hata hivyo kitabu kilipigwa chapa Magila, katika nchi ya Bonde, miongoni mwa watu waliokuwa wamewafukuza Wakilindi. Mwaka huo huo wa 1895, sehemu ya kwanza ilipotoka, Wajerumani walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja.