Kibanda cha uani, nianzie wapi?

Swali: Fundi, nataka kujenga kibanda cha kupumzikia uani, mita 3 kwa 3, kwa mirunda na mabati. Sijawahi kushika msumeno. Nianzie wapi?

Jibu: Msumeno uache kwanza, shika kamba. Piga vigingi vinne, vuta kamba, kisha pima kona hadi kona. Mraba wako ukiwa sawa, vipimo vyote viwili vya mshazari vitasoma mita 4 na sentimita 24. Vikitofautiana, sogeza kigingi.

Nguzo huoza pale inapotokea ardhini, penye unyevu na hewa, na mchwa hupandia hapohapo. Nunua mirunda iliyotiwa dawa, na ncha uliyoikata mwenyewe iwe juu, isizikwe. Chimba sentimita 60. Zege lipite usawa wa ardhi kidogo, literemke pande zote maji yasituame.

Juu ya nguzo chonga kikalio, boriti ikae juu ya mti wenyewe. Misumari kazi yake ni kuizuia tu isihame. Wengi husahau mikono ya mshazari kwenye kona, halafu wanashangaa kibanda kinayumba. Nguzo za mbele zizidi za nyuma sentimita 30, mvua itateremka nyuma. Na boriti uzifunge kwa bolti, maana upepo huliinua bati kutoka chini.