SOMO LA UFUNDI: KUTOA MAFUTA YA KARAFUU KWA KABONIDAYOKSAIDI

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaijua njia ya kukeneka: makonyo hutiwa katika pipa, mvuke hupitishwa, na mafuta hutengwa na maji. Ndiyo kazi ya kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba.

Njia nyingine hutumia kabonidayoksaidi badala ya mvuke. Hewa hiyo ikipata shinikizo linalozidi bar 74 na joto linalozidi nyuzi 31 za Selsiasi, hupenya kama hewa na kuyeyusha kama kimiminika. Shinikizo likiteremshwa, hurudi kuwa hewa na kuyaacha mafuta. Kwa kuwa karafuu haikutanishwa na mvuke wa nyuzi 100, asetati ya eujenoli, ambayo mvuke huivunja kwa sehemu, husalimika zaidi.

Anayeanza kazi hii hudhani kwamba shinikizo kubwa ndilo bora, na mizani humdanganya. Katika bar 100 hivi na nyuzi 40 hadi 50, kinachotoka kwa wingi ni mafuta yenye harufu. Shinikizo likifikishwa bar 300 uzito huongezeka, lakini nta na utomvu navyo hutoka. Kwa hiyo uzito na kiasi cha eujenoli hupimwa pamoja.

Joto nalo lina sura mbili. Karibu na bar 80, kuongeza joto huipunguza hewa uzito wake wa ujazo, nayo huyeyusha kidogo. Katika shinikizo kubwa, joto hilohilo husaidia mafuta kutoka. Ndiyo maana kujaribu jambo moja moja hupotosha. Mashinikizo matatu yakijaribiwa kwa viwango vitatu vya joto, majaribio tisa yataonyesha mengi zaidi. Kusaga nako kuna kiasi chake: chenga kubwa huficha mafuta, na unga laini mno hushikamana, hewa ikajipenyezea njia moja tu.

Mitungi ya chuma kinene na pampu zake ni ghali. Karafuu kavu hutoa mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, makonyo asilimia 5 hadi 7 tu. Kwa makonyo, mvuke unatosha. Mtambo huu unafaa pale tu mnunuzi anapolipia harufu kamili ya karafuu yenyewe.

Chumba cha mtambo kiwe na matundu ya hewa karibu na sakafu, kwani kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini, na huua bila ya kunusika.