Hata Bingwa Alikuwa na Pointi za Adhabu



Huku kwetu Ruanda, Mbinga, Kwaresima huja na matope. Bodaboda ikikwama mlimani unashuka, unasukuma, unapanda tena. Mwaka huu niliahidi rozari kila jioni. Siku ya tano nikalala bila kusali, ya sita vilevile, nikasema basi, nitaanza upya mwakani.

Halafu mjomba akanisimulia Safari Rally ya zamani. Ilifanyika wakati wa Pasaka, siku kadhaa, usiku na mchana, kwenye matope kama haya yetu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu! Ukichelewa kufika kituoni unapewa pointi za adhabu, na mwenye chache ndiye mshindi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Datsun 240Z, alilingana kabisa kwa pointi na Harry Källström wa Uswidi. Ushindi akapewa Mehta, kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya adhabu yake ya kwanza.

Kanuni hiyo ilinichoma, maana adhabu yangu mimi ilikuja mapema mno. Lakini tazama vizuri: hata bingwa alikuwa na pointi. Alichelewa, akaendelea. Angezima gari pale, uchache wa pointi ungemsaidia nini?

Soma 2 Timotheo 4:7. Paulo, aliyewahi kulitesa Kanisa, anasema ameumaliza mwendo. Hasemi kwamba hakuwahi kukwama.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Jioni nikaitafuta rozari. Ilikuwa chini ya godoro.